Usukani ni wa Nani

Tulikodi ukumbi wa hoteli, barabara ya Ellice,
Winnipeg, Februari, nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
marubani mia na arobaini, theluji ya viatu vyetu ikiloweka zulia,
na birika moja la kahawa
ambayo Odile Gauthier aliionja, akasema:
hii nayo imejadiliwa na kamati.

Tukacheka. Hatukucheka tena usiku ule.

Kapteni Lorne Fehr, mwenyekiti, alisimama na karatasi nne.
Miezi kumi na minne tulikuwa tukimuuliza,
miezi kumi na minne akijibu: vumilieni,
ya mezani hayasemwi njiani.
Sasa akasoma. Nyongeza, asilimia mbili na nusu.
Akatua kidogo, kama anayesubiri makofi.
Halafu, kwa sauti ya kuwatangazia abiria mawingu mepesi,
akasema mapumziko kati ya zamu na zamu
yatakuwa saa tisa.

Saa tisa.
Kwa lugha ya mama yangu hilo ni jina la usiku:
kupapasa soksi gizani nisimwamshe mtoto,
kulichomoa gari kwenye waya wa umeme
lilikolala kama mgonjwa kwenye dripu.
Kwa lugha ya mkataba ni kipimo cha usingizi.
Toa basi la hoteli, toa kuoga, toa kula,
toa kumpigia mke anayeuliza uko mji gani,
kinachobaki kikunje, ukiweke chini ya mto.

Darcy Halcrow, kijana wa Selkirk, mwezi wake wa tatu kazini,
deni la chuo cha urubani bado bichi mgongoni,
aliinuka nyuma kabisa:
Nani aliwaruhusu kuuza usingizi wangu?

Kaa chini, kijana. Kampuni ilitaka saa nane.

Akasema hivyo, mwenyekiti wetu,
na sentensi yake ilikuwa imevaa tai ya mwajiri.
Kikulacho ki nguoni mwako,
na sisi nguo zetu ni sare.

Ningemchukia ingekuwa rahisi.
Lakini ndiye aliyenifundisha kutua Thompson kwa upepo wa ubavu,
pua ya ndege ikitazama msitu, magurudumu yakitafuta lami.
Ndiye aliyeniambia usukani haukabidhiwi kimya kimya:
mmoja husema, Usukani ni wako,
mwingine hujibu, Ni wangu,
na bila jibu hilo ndege ina watu wawili na haina rubani.
Sisi tulimkabidhi mwaka juzi, mikono juu, kwa vifijo.
Mgema alisifiwa. Sitamalizia.

Karatasi ya kura ilikuwa na kisanduku cha ndiyo, kisanduku cha hapana,
na chini, kwa maoni, mistari minne mitupu.
Mistari minne! Nani angejizuia?
Nikaandika, nikijua hakuna wa kuisoma:

Tulikupa usukani, si kuuza usingizi,
Ukaketi nao ndani, nje tukawa wapagazi,
Ukirudi hadharani, watuita wachokozi,
Ndege i juu hewani, rubani ni usingizi.

Kisha nikatia alama. Sisemi wapi.

Ratiba haina huruma wala haina chama:
alfajiri ya pili yake ilinipanga naye.
Dawa ya kuyeyusha barafu ilitiririka kiooni, rangi ya chungwa,
hatukuonana nyuso. Tukasoma orodha, swichi kwa swichi,
sauti zetu safi kama za watu wasiofahamiana.
Juu ya ziwa, giza bado zito, akasema:
Usukani ni wako.

Sikujibu.
Sekunde moja. Injini mbili. Sekunde ya pili.
Akageuka kunitazama, mikono ingali pale pale,
akisubiri neno kutoka kwangu.
Miezi kumi na minne, mara ya kwanza.

Ni wangu, nikasema.
Thompson wakatupa upepo: wa ubavu, noti kumi na nane.